Madaftari Mawili ya Bi Kimya

Shela, Malindi
Ijumaa, 25 Machi 1988

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Nimeitanguliza shikamoo kabla ya neno lolote jingine, ili ukifika katikati ya barua ukaanza kukunja uso, ukumbuke kwamba nilianza kwa heshima. Assalamu alaykum. Mguu wako unaendeleaje? Mama ameniagiza nikuulize kama bado unaipanda ile ngazi ya kreni huko bandarini Mombasa, au wamekupa kazi ya chini kama daktari alivyosema. Ameniambia pia jibu la mguu umpe yeye, usinipe mimi, kwa sababu mimi nikiambiwa hujambo huamini, na yeye haamini.

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, Omar hajambo ila jino, na Nana hajambo kupita kiasi. Tangu atolewe mtoto wa jicho anaona kila kitu, na kila anachokiona anakisema. Kaona utando wa buibui juu ya kabati, kauliza ni wa mwaka gani. Kamtazama Mama usoni asubuhi moja, kamwambia, "Kumbe na wewe umezeeka, mbona hamkuniambia?" Bi Kaltuma wa nyumba ya pili amepunguza kuja, maana kaambiwa chokaa ya ukuta wake si nyeupe, na Nana amekuwa akiisifu miaka mitatu. Tunacheka sana. Nakueleza haya ujue kwamba nyumba ina furaha, haikuanguka kama ulivyoambiwa.

Barua yako nimeipata juzi Jumatano. Nimeisoma mara nne, ijapokuwa ina mistari mitano tu. Unasema nimekuvunjia heshima mbele ya Bwana Muhdhar, rafiki yako tangu chuoni. Unaniamuru niitie sahihi ile karatasi ya kuomba radhi aliyokutumia, nimpelekee dukani kwake kabla ya kesho Jumamosi saa nne asubuhi, na umemalizia kwa kusema "bila ya maneno". Baba, maneno ndiyo ninayoyaomba. Wewe kisa umekisikia kwa Bwana Muhdhar kwenye simu ya ofisini kwenu. Mimi simu sina, nina kalamu, na kwa kalamu unajua mimi si mwoga.

Unajua nilivyo mbele za watu. Wageni wakija mimi huwa jikoni hata kama hakuna kinachopikwa. Ndiyo maana mwaka jana ukanitia wewe mwenyewe kwenye Vijana wa Huduma. Bwana Muhdhar alikushauri kwamba huko watoto hutolewa haya. Basi Baba, zimetoka.

Labda hukupata nafasi ya kujua tunafanya nini huko, kwa hiyo nitaeleza. Klabu yenyewe ni ya wakubwa, wale wafanyabiashara na mameneja wanaokula pamoja hotelini kila Jumanne adhuhuri, na hawaanzi kusema mpaka kengele igongwe. Sisi vijana ishirini na mmoja wa shule tatu ni tawi lao. Wametuunda tujifunze uongozi: kuendesha mkutano, kupanga kazi ya kusaidia watu, kusimama na kusema. Bwana Muhdhar ndiye mlezi wetu. Mwaka huu mmoja wetu atapelekwa kambi ya uongozi karibu na Mlima Kenya, mwezi wa nane, wiki mbili, na akirudi huyo ndiye mwenyekiti wetu. Mimi walinifanya mwandishi, kwa sababu walidhani mwandishi haongei. Jina langu huko ni Bi Kimya. Naandika madaftari mawili, moja la Kiingereza la kusomewa wakubwa, na moja la Kiswahili letu wenyewe. Lile la Kiswahili wakubwa hawajawahi kulifungua.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ile kambi ya macho ya mwezi wa pili. Daktari alikuja kutoka Mombasa kwa siku tatu, na sisi tuliambiwa tuwalete wazee wenye mtoto wa jicho kutoka mjini, Ganda na Gongoni. Siku ya kwanza walikuja wazee sita. Kule Ganda zilikuwa zimeenea habari kwamba daktari akilitoa jicho halirudishi. Gongoni kwenye mashamba ya chumvi walisema macho yanapelekwa Ulaya. Awadh, yule mpwa wake Bwana Muhdhar, alikuwa mezani na rejista, kavaa tai, akasema wasiotaka kuja ni shauri yao, sisi jina letu limeshaandikwa kwenye bango.

Aliyefanya kitu ni Kache. Kache Lewa ni msichana wa Ganda, tuko naye kidato cha tatu, ana sauti ya kumwita mtu aliye shamba la pili akageuka. Alimwomba muuguzi bendeji, akajifunga jicho lake moja zima kama wanavyofungwa wagonjwa, akarudi kwao nayo. Jioni ile yote na asubuhi yake alikwenda hivyo hivyo. Aliteka maji, akasukwa, akatunga uzi kwenye sindano mbele ya vikongwe. Bibi mmoja akamwita chongo, akamwambia, "Mimi chongo leo, bibi, lakini wewe umenijua kwa sauti tu, tena jina umelikosea." Wakacheka mpaka wakakohoa. Siku ya pili walikuja kumi na tisa, na siku ya tatu kumi na wanane.

Mmoja wa hao ni mama yako mzazi. Nana alikuwa amekataa katakata, Mama ni shahidi. Kache alipita hapa Shela na bendeji yake, akaketi naye, akamwacha aipapase. Nana akamwuliza kama inauma, akajibu kwamba inawasha tu. Nana akaitisha buibui lake. Sisi wajukuu tulimbembeleza miezi sita hatukumtoa hata mlangoni.

Mimi siku zile tatu nilikuwa nyuma, mahali pangu. Daktari alikuwa akiandika maagizo kwenye kadi kwa Kiingereza, mgonjwa asiiname, asijisugue, matone mawili asubuhi na jioni. Nikawaona wazee wanazifunga kadi kwenye pembe ya leso bila hata ya kuzitazama. Basi kila kadi nikaigeuza, nikaandika yale yale nyuma kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa, wapate kusomewa na wajukuu zao. Ya Nana niliiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo anazozijua, na siku alipofunguliwa jicho ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza alichokisoma. Kadi arubaini na tatu. Hakuna aliyeniambia niziandike, na hakuna aliyesema kwamba nimeziandika. Kumbuka kadi hizi, Baba, nitazirudia.

Sasa uchaguzi. Jumapili ya tarehe sita tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi kumchagua wa kwenda kambini. Bwana Muhdhar alitaka tufanye mlolongo kama nchi ilivyofanya mwezi uliopita, anayetakiwa asimame mbele na wanaomtaka wajipange nyuma yake. Alisema karatasi ni mambo ya zamani, mtu asiye na hila hana haja ya kujificha nyuma ya karatasi. Hakuna aliyembishia kwa mdomo, lakini nilisikia viatu vikisugua sakafu. Bwana Kioko, mwenyekiti wa wakubwa, yule meneja wa hoteli, alikuwepo mwanzoni. Akasema sheria ya klabu ni karatasi, basi ni karatasi, na akaenda zake kwa wageni wake.

Kila mtu akaandika jina alilolitaka. Hafidha, mwenzetu wa klabu, akawa anafungua na kusoma, mimi napiga mistari ubaoni kwa chaki. Kache kura kumi na moja. Awadh kura tisa. Na karatasi moja Hafidha aliifungua, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Huu mzaha wa nani? Mwanatumu!" Darasa zima likaangua kicheko. Awadh akasema Bi Kimya kapata kura, sauti hana, kura kaipata wapi, labda kapigiwa na jini. Wakaulizana ni nani, wakanyoosheana vidole. Mimi nikapiga mstari mmoja mbele ya jina langu, na nikacheka pamoja nao. Jioni ile ile, kabla sijasahau, nikaliandika daftari la Kiswahili kama ilivyokuwa: kumi na moja, tisa, moja.

Bwana Muhdhar alizichukua karatasi zote akasema atazipitia. Kesho yake nikitoka shule akaniita dukani. Nilisimama baina ya mabati na makopo ya rangi, akanifungulia soda, akasema nami kwa upole kabisa, sitamsingizia ukali. Alisema karatasi mbili zilizosomwa Kache hazikuandikwa vizuri, na yeye kazitazama kwenye mwanga kaona ni Awadh. Alisema kule kambini watakuja vijana wa Nairobi na wa ng'ambo, na msichana yule Kiingereza chake kinachechemea, atatutia aibu Malindi nzima. Kwa hiyo niandike kwenye daftari la Kiingereza Awadh kumi na moja, Kache tisa. Nikamwuliza karatasi ziko wapi, akasema zimechomwa na maboksi. Nikauliza na ile kura moja. Akacheka, akanipiga kidogo begani, akasema, "Ile ya mzaha? Hiyo iache mwanangu, inachafua daftari."

Baba, hapa ndipo nilipokosea, na kwa kosa hili naomba radhi, lakini si kwa yule anayeitaka. Niliandika. Niliandika pale pale juu ya meza yake ya dukani, kwa Kiingereza safi ambacho walimu wangu wangekisifu. Soda nayo nikainywa mpaka ikaisha. Nilikuwa nimeshamtoa Kache, na nilirudi nyumbani nikala wali.

Jumanne ya tarehe kumi na tano ndiyo ilikuwa siku ya kusomwa. Desturi yao ni hii: mwandishi husimama akasoma kumbukumbu za mkutano, mwenyekiti huuliza kama ndivyo ilivyokuwa, mmoja huafiki, wa pili humwunga mkono, mwenyekiti hutia sahihi. Akishatia sahihi hakuna tena wa kubadilisha, hata yeye mwenyewe. Tulialikwa vijana wanne. Awadh alikaa karibu na mjomba wake, tai ile ile. Kache alikaa upande wa mlango wa jikoni, sare yake imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kura zilihesabiwa upya. Alikuja kwa kuwa aliahidiwa cheti cha kambi ya macho, na mamake alitaka kukiona.

Kengele ikagongwa, nikaitwa. Nilisimama na madaftari yote mawili kifuani kwa kuwa sikujua pa kuyaweka. Nikaanza kwa Kiingereza, na sauti ikawa ndogo mpaka Bwana Kioko akasogeza sikio. Nikasoma waliohudhuria, nikasoma ajenda, nikafika kwenye kura. Awadh, kumi na moja. Kache, tisa. Chini yake palikuwa na mstari mtupu. Unajua mimi siruki mistari, Baba, wewe mwenyewe ulinifundisha nisipoteze karatasi, lakini siku ile dukani mkono uliuruka. Nilisimama nikiutazama ule mstari, sijui ni kwa muda gani. Awadh akakohoa kwa makusudi. Mmoja wa wakubwa akauliza kama mtoto amepotea ukurasa.

Nikalifunga. Nikalifungua la Kiswahili, nikasoma tena kutoka mwanzo wa kura, na sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani. Wahudumu waliokuwa wakipita na sahani walisimama. Nilisema Kache Lewa kura kumi na moja, Awadh kura tisa. Bwana Muhdhar akasema chini chini, "Wewe mtoto, kaa." Sikukaa. Nikasema, na Mwanatumu Abdillahi kura moja. Hapo wakacheka baadhi yao, na mimi safari hii sikucheka.

Bwana Kioko akauliza lipi katika madaftari haya ndilo la kweli. Nikasema hili. Akamwuliza Hafidha, ambaye ndiye aliyezisoma karatasi. Hafidha akalitazama bakuli la supu, akasema hakumbuki vizuri. Simlaumu, babake anachukua mabati kwa mkopo kwa Bwana Muhdhar. Bwana Kioko naye si mtu mbaya, ila ni mtu asiyependa chakula kipoe. Akasema mwandishi ni mmoja na madaftari ni mawili, basi nipewe muda. Nikileta maandishi yenye sahihi yangu kwamba la Kiswahili limekosea, la Kiingereza litasimama na Awadh atakwenda. Nisipoyaleta kufikia Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, tutapiga kura upya. Bwana Muhdhar akasimama, akasema ikiwa ni kurudia basi uwe mlolongo, mchana kweupe, anayemtaka msichana huyu ajipange nyuma yake na baba yake amwone. Wakakubaliana, na kengele ikagongwa.

Kwa hiyo Baba, ile karatasi uliyonitumia si ya radhi. Imepigwa taipu kwa Kiingereza, inasema kwamba mimi kwa utoto wangu na kwa kuogopa watu niliandika hesabu isiyo ya kweli katika daftari la Kiswahili. Chini kuna nukta nukta za kutia sahihi. Nikitia, Kache amekwisha, na kila aliyeandika jina lake siku ile ataambiwa kwamba hakuandika. Nana aliposomewa alisema, "Muhdhar huyu? Mimi nimemfuta kamasi huyu kwa ncha ya leso yangu, leo ananiandikia mjukuu maneno ya kizungu?" Mama alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuuchambua hata uliokwisha kuwa safi.

Najua unachotaka kuniambia. Utaniambia gari lake ndilo lililompeleka Mama Mombasa alipokuwa taabani kumzaa Omar. Sijasahau. Nilikuwa na miaka saba, nilikaa nyuma juu ya mifuko ya saruji, kichwa cha Mama kimelala mapajani mwangu. Bwana Muhdhar aliendesha mwenyewe, hata viatu hakuvaa. Kesho nikimwona nitamwamkia shikamoo, na nitaitoa kwa moyo. Lakini shukrani ile ni yetu sisi. Kwa nini ailipe Kache?

Wiki hii mjini wanasema mengi. Mwalimu wetu mmoja amenipa mkono mbele ya darasa, akasema nimesimama kwa ajili ya haki ya mwenzangu. Kache mwenyewe alikuja juzi na ndizi za kwao, akamwambia Mama kwamba mimi ni dada yake. Nilishindwa kumtazama usoni. Nimeshindwa kumwambia yeye, nimeshindwa kumwambia Mama, na sasa nakwambia wewe, ambaye umenikasirikia na huna la kunisifia, kwa hiyo nitasema kwa urahisi.

Ile kura moja ni yangu. Nilijipigia mwenyewe. Niliandika jina langu kwa mkono wa kushoto ili Hafidha asiujue mwandiko, nikaikunja mara tatu, nikaitia kwenye boksi pamoja na za wenzangu. Sikutaka kushinda, sina wazimu. Nilikuwa nafikiria zile kadi arubaini na tatu. Nilitaka mahali pamoja tu katika kazi ile nzima liwepo jina langu, hata kama aliyelitia ni mimi. Halafu wakalicheka, nikasema vyema, wacha wacheke, maadamu limo. Kumbe hata humo lilikuwa halitakiwi.

Kwa hiyo pale hotelini, Baba, sikusimama kwa ajili ya Kache. Kache nilikuwa nimeshamwacha. Jina lake nililishusha kwa mkono wangu mwenyewe na soda nikainywa. Kilichonisimamisha ni ule mstari mtupu ambamo mimi ndiye niliyetakiwa kuwemo. Nililifungua daftari la Kiswahili kuitafuta kura yangu, na kura zake kumi na moja zilikuwa hapo hapo juu yake. Nisingeweza kuisoma yangu nikaziruka zake. Ndivyo ilivyokuwa. Si kisa kizuri kama anavyokisimulia mwalimu, lakini ndicho cha kweli, na nimechoka kuandika visivyo vya kweli kwa mwandiko mzuri.

Unaweza kusema ni majivuno. Yawe majivuno. Nimekaa jikoni miaka kumi na sita nikisikia wageni wakiuliza kama huyu wa kike yupo na nyinyi mkijibu kwamba yupo, ana haya. Sijutii kujipigia kura na sijutii kuisoma.

Kesho saa nne tutasimama kwenye uwanja wa shule. Sijui tutakuwa wangapi. Watatu wameshaniambia kwamba baba zao wamewakataza, na Hafidha ananikwepa njiani. Huenda Kache akawa na watu watano nyuma yake, huenda wawili. Wa kwanza nitakuwa mimi, karibu naye kabisa, ili mwenye kuhesabu aanze na mimi. Kwenye mlolongo mtu hawezi kujipanga nyuma yake mwenyewe, kwa hiyo safari hii kura yangu ni yake yote, na nampa kwa kujua. Nana ameshaitisha buibui lake. Anasema jicho lile lilitolewa ukungu na msichana yule, basi acha likamtazame akihesabiwa, na likamtazame Muhdhar pia.

Karatasi uliyotaka niitie sahihi haikupotea. Ugeuze ukurasa wa kwanza wa barua hii, Baba. Utaiona nyuma, na nukta zake zote zipo kama zilivyokuja. Unajua mimi sipotezi karatasi.

Na la mwisho. Barua hii naipeleka ofisi ya mabasi kesho alfajiri, itoke na basi la saa mbili. Utaipata adhuhuri, na sisi tutakuwa tumeshasimama na tumeshahesabiwa. Ningeweza kuituma leo ukaipata leo. Nimeichelewesha kwa makusudi, ili usinikataze, maana ukinikataza nitakuasi, na kukuasi sitaki. Utakapokuja mwisho wa mwezi nitakuwepo. Sitakuwa jikoni. Nitakaa pale mbele, kwenye kiti cha wageni, useme nami yote unayotaka kusema, nami nitajibu.

Mama anakusalimu sana na anasema ngazi ya kreni usiipande. Omar anasalimu, anaomba usimletee halua safari hii kwa sababu ya jino, kisha kasema ulete, utakapofika litakuwa limepona. Nana anakusalimu, anasema ukija usimame kwenye mwanga, ana miaka minane hajakuona vizuri. Nisalimie Mzee Dena wa chumbani kwenu na jamaa wote wa bandarini. Mungu akuhifadhi na auponye mguu wako.

Ni mimi binti yako, nakuheshimu katika yote isipokuwa hili,

Mwanatumu Abdillahi
Mwandishi wa Vijana wa Huduma, mpaka kesho saa nne
Kura moja